Bata mzinga wa Krismasi: chumvi peke yake haitoshi, kata vipande kwanza

Swali: Shikamoo mpishi. Naishi Tabata. Krismasi iliyopita nilipika bata mzinga kwa mara ya kwanza. Nilimchemsha mzima mpaka akalainika, nikampaka siagi na viungo, nikamwingiza kwenye oveni apate rangi. Mapaja yalilika vizuri, ila kidari kilikuwa kikavu mpaka wageni wakawa wanakisukumia na soda. Mwaka huu nimeagiza dume wa kienyeji, muuzaji anasema ana kilo 7 akiwa hai. Tutakuwa watu 12, chakula ni saa 8 mchana. Nimeona video wanamlaza usiku kucha kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Je, hiyo ndiyo dawa? Friji yangu ni ya kawaida ya milango miwili, oveni ni ile ndogo ya umeme ya kuweka mezani. Halafu mume wangu anataka aje mezani mzima, kama wanavyoonyesha kwenye picha.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Maji ya chumvi yanasaidia, ila si kuyakosa kulikokuharibia sherehe mwaka jana. Kidari chako kilikauka kwa sababu kilipikwa muda wa mapaja. Hata ungemlaza kwenye chumvi siku mbili, ukimchemsha mzima mpaka paja lilainike, kidari kitakuwa kimeshakwisha habari yake. Chumvi nitakueleza yote, lakini jambo kubwa ninalokuomba mwaka huu ni kumkata huyo bata kabla hajaona moto. Ombi la shemeji nalo nitalifikia, lisikutie presha.

Bata mzinga hushinda anatembea, kuruka ni mara chache. Mapaja yanafanya kazi kutwa, kwa hiyo yamejaa utando na kano. Utando huo hauyeyuki haraka: nyama ya paja inabidi ipite nyuzijoto 75 za sentigredi na ikae hapo muda mrefu ndipo ulegee na kugeuka ule utelezi mzuri unaonata midomoni. Kwa dume wa kienyeji aliyekomaa, hesabu saa moja na nusu hadi mbili na nusu za moto mdogo. Kidari ni habari nyingine. Hakina utando wa maana wala mafuta. Nyuzinyuzi zake zikipata joto husinyaa na kukamua maji yaliyomo; kazi hiyo inaanza karibu na nyuzijoto 50, na ikishapita 70 inakwenda mbio. Kikifika 74 kimeiva na ni salama kuliwa. Sufuria linalochemka linakipeleka zaidi ya 90, na pale hakuna siagi wala mchuzi wa kukirudisha.

Hiyo tabia ya kuchemsha kwanza tumeizoea kwa jogoo wa kienyeji, na kwa jogoo wa mchuzi ni sahihi kabisa. Kwa ndege mwenye kidari kinene kiasi hiki haifai.

Jambo la pili kuhusu hizo video. Bata mzinga wanaowapika kule si huyu wa kwako. Wale ni weupe, wa mashambani, wamefugwa ili wawe na kidari kikubwa kupita kiasi, wanalishwa chakula cha viwandani na kuchinjwa wakiwa na miezi mitatu hadi mitano. Marekani wanamla hasa Alhamisi ya nne ya Novemba, Waingereza wanamla Krismasi, na mara nyingi anatoka dukani akiwa wa barafu. Wengine wameshadungwa maji ya chumvi kiwandani, na lebo inasema hivyo. Wa namna hiyo ukimlaza tena kwenye chumvi hatalika. Wako amezunguka uani, amekula pumba, majani na wadudu, na huenda ana mwaka mzima. Ladha yake ni nzito zaidi, lakini nyama imebana. Muda wa kupika unaoandikwa kwenye mapishi yao unaweza kukufaa kwenye kidari. Kwenye mapaja usiufuate.

Akiletwa, mkague kabla hujatoa pesa. Bonyeza ncha ya nyuma ya mfupa wa kidari: kwa ndege mdogo ni laini na inapinda, kwa mzee imekuwa ngumu. Angalia na kipi, ule mwiba wa mguuni. Dume mwenye kipi kirefu chenye ncha kali ni mzee, mwombe muuzaji mwingine. Iwe umemtoa Kisutu au kwa mfugaji wa Kibaha, jambo linaloharibu nyama mapema kabisa ni safari. Bata aliyening'inizwa kichwa chini kwenye bodaboda, juani, Desemba hii, anafika akihema, na ndege anayechinjwa akiwa amepata joto kali na amepapatika nyama yake hutoka iliyopauka na hushindwa kushika maji. Hapo chumvi inaanza kazi ikiwa nyuma. Apakiwe kwenye tenga, afike kwako jioni ya tarehe 22, alale kivulini na maji ya kunywa, bila chakula. Kulala na njaa kunasafisha utumbo na gole, na kuchinja kunakuwa kusafi.

Achinjwe alfajiri ya tarehe 23. Kama mtakaa meza moja na majirani Waislamu, na Tabata sidhani kama mtawakosa, mwombe Mwislamu achinje ili kila mtu ale kwa amani. Maji ya kunyonyolea yasichemke tokotoko; nyuzijoto 60 hadi 65 kwa dakika moja yanatosha manyoya kuachia, zaidi ya hapo ngozi inaiva na kuchanika. Kata na ile tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia. Shombo ambalo watu husema ni la bata mzima, sehemu kubwa linatoka hapo na kwenye damu iliyobaki mgongoni pembeni ya figo. Kwangua vizuri, na hutahitaji kumwogesha ndimu tano.

Sasa subira, na hapa ndipo wengi tunakosea kwa sababu tumezoea kuku wa kuchinja na kupika papo hapo. Ndege akishachinjwa misuli inakakamaa, kisha inaachia yenyewe baada ya saa kadhaa. Ukimpika akiwa bado amekakamaa, unapika raba. Bata mzinga mkubwa mpe usiku mmoja kwenye ubaridi. Mtumbukize kwanza kwenye beseni la maji na barafu mpaka apoe hadi ndani, kisha mkaushe na aingie kwenye friji. Barafu usipate tabu nayo, pale Feri wanakouza samaki inauzwa kila siku, na mtaani kwako hakosi mtu mwenye friza.

Asubuhi ya tarehe 24 unamkata. Toa mapaja mawili na miguu yake, vipapatio, shingo, na mgongo wa chini. Kinachobaki ni kidari kizima kikiwa juu ya mifupa yake na ngozi yake; hicho usikichambue, mifupa na ngozi vinakilinda. Kilo 7 za hai zinakupa kilo 5 na kidogo za nyama na mifupa, na watu 12 wenye pilau na kachumbari mbele yao hawatazimaliza.

Tuje kwenye chumvi. Inachofanya ni hiki: ikishaingia ndani ya nyama inalegeza baadhi ya protini za nyuzinyuzi, zikawa zinashika maji mengi zaidi na kusinyaa kidogo zaidi motoni. Nyama iliyolazwa kwenye maji ya chumvi inaweza kunywa kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake. Motoni itapoteza maji kama nyingine, ila ilianza na akiba. Faida yake kwako ni kwamba ukichelewa kidogo kutoa kidari, bado kinalika.

Kuna njia mbili, ya ndoo na ya kupaka chumvi kavu. Mimi kwa Dar es Salaam nakushauri ya kavu, na sababu ni joto letu. Maji yale yenye nyama mbichi yanatakiwa yakae chini ya nyuzijoto 5 usiku kucha. Jikoni kwetu Desemba, hata alfajiri ni zaidi ya 24, mchana 31 au 32. Ndoo iliyoachwa sakafuni imefunikwa na sinia haitengenezi bata mzinga mtamu, inafuga bakteria. Nayo ndoo ya lita 10 kwenye friji yako, tarehe 24 Desemba, pamoja na soda, tikiti maji na keki ya jirani aliyeomba nafasi? Haiingii. Halafu maji yanaloanisha ngozi, na ngozi iliyoloa haikauki vizuri kwenye oveni ndogo. Inatoka na rangi lakini inatafunika kama mpira.

Ya kavu ni gramu 12 za chumvi laini kwa kila kilo. Kwa bata wako ni gramu 60 hivi, yaani vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa kwa kisu na kijiko kimoja cha chai juu yake. Ukiwa na chumvi ya mawe, isage kwanza na uipime kwa mizani, maana kijiko cha chumvi ya mawe na kijiko cha chumvi laini havina uzito mmoja. Changanya na kijiko kimoja cha chai cha sukari, inasaidia rangi. Kausha nyama kabisa, paka kila upande, kidari kipate zaidi kwenye unene wake na kidogo chini ya ngozi: ingiza vidole taratibu uitenge ngozi na mnofu bila kuichana. Mwanzoni utaona maji yanatoka. Usiyamwage. Yanayeyusha chumvi, kisha nyama inayarudisha ndani yenyewe. Kidari kiweke kwenye wavu juu ya sinia, rafu ya chini kabisa ya friji kisidondokee vyakula vingine, bila kufunika. Ule upepo baridi unaikausha ngozi, na ngozi kavu ndiyo inayolia kwenye meno. Mpaka saa 5 asubuhi ya tarehe 25 kitakuwa kimekaa na chumvi kama saa 27, na hiyo inatosha kwa kidari cha ukubwa huu. Mapaja funika, yanahitaji kukaa mpaka jioni tu.

Kama umeshaipenda ndoo na hutaki kusikia, basi ifanye kwa usalama. Gramu 50 za chumvi kwa kila lita ya maji, yaani vijiko karibu vitatu vya chakula. Kidari kifunikwe chote, kikae kwa muda wa saa 8 hadi 10 tu, kisha kikaushwe na kirudi friji saa kadhaa bila kufunikwa. Yeyusha chumvi kwenye maji ya moto kidogo, ongeza ya baridi, na nyama isiingie mpaka maji yapoe kabisa. Usitumie sufuria la alumini, chumvi inalila na kuliachia vitundu. Tumia ndoo ya plastiki ya maji ya kunywa. Ukikosa nafasi kwenye friji tumia kibokisi cha kupozea soda, ila barafu isiingie yenyewe kwenye maji, ikiyeyuka inazimua chumvi na hesabu yote inaharibika. Gandisha chupa za maji za lita moja na nusu, zizamishe zikiwa zimefungwa, na uzibadilishe kila zinapoyeyuka. Maji yakishatumika yamwage.

Watu wataniuliza ndimu na viungo vinaingia wapi. Chumvi inaingia ndani ya nyama. Karafuu, mdalasini na saumu haziingii, zinabaki juu juu hata ukiziacha wiki. Kwa hiyo usizipoteze ndoani, ziweke kwenye siagi au kwenye mchuzi ambako zitaonekana. Ndimu nyingi ikikaa usiku kucha inaipika nyama ya juu, ikawa nyeupe na ya ungaunga. Na papai bichi, ambalo najua kuna shangazi atakushauri, ni la mishkaki. Kwenye kidari kizima linageuza ngozi na ukingo kuwa uji na ndani halifiki.

Mapaja yapike jioni ya tarehe 24, kwa gesi au mkaa. Yakaushe, yakaange kwenye mafuta kidogo mpaka ngozi iwe ya kahawia kweli, usione huruma. Yatoe. Kwenye mafuta hayo kaanga vitunguu maji viwili vikubwa, saumu na tangawizi za kutosha, binzari nyembamba, kijiti cha mdalasini, pilipili manga, nyanya tatu. Rudisha mapaja, mimina tui jepesi lifike nusu yake, funika, moto mdogo kabisa. Geuza mara moja au mbili. Uma ukiingia bila kubishana, yameiva. Miguu ya bata mzinga ina kano ngumu kama njiti; zikishaiva unazivuta kwa vidole au koleo ndogo zinatoka zenyewe, wasihangaike nazo wageni. Mwisho tia tui zito, koroga, liache litokote kidogo kwa dakika kumi. Chumvi onja hapo mwisho, maana nyama ilikuja nayo. Yakipozwa haraka na kulala kwenye friji, kesho yake ni matamu zaidi, na ndiyo sababu ya kuyapika mapema. Utakachobakiza siku yenyewe ni kuyapasha mpaka yachemke.

Wakati hayo yako jikoni, shingo, mgongo, vipapatio na firigisi viko kwenye sufuria la pili na kitunguu na tangawizi, vinatoa supu. Supu hiyo ndiyo ya kupikia pilau. Pilau la maji ya bomba pembeni ya bata mzinga ni ubadhirifu.

Kidari siku ya Krismasi. Saa 5 asubuhi kitoe kwenye friji. Changanya vijiko vinne vya samli na saumu iliyopondwa, pilipili manga na ganda la ndimu lililokwaruzwa, kisukumie chini ya ngozi na kupaka juu. Napenda samli kuliko siagi ya kopo kwa sababu samli haina maji, ngozi inakauka vizuri. Usiongeze chumvi, na usikisuuze. Kikae juu ya vipande vya kitunguu na karoti kwenye trei, na kikombe cha maji chini ili mafuta yanayodondoka yasiungue. Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzijoto 165. Kwa oveni yako ndogo ile waya ya juu iko karibu mno na nyama, kwa hiyo weka trei rafu ya chini, na ngozi ikishapata rangi unayoipenda ifunike juu kwa foili bila kuibana.

Itachukua saa moja na nusu hadi mbili, lakini usipikie saa, pikia joto. Nunua kipimajoto cha nyama, kile cha sindano; kwenye maduka ya vyombo Kariakoo vipo. Kama kuna pesa moja tu ya ziada kwenye bajeti yako, isiende kwenye rozimari, iende hapo. Kichome kwenye unene wa kidari, mbali na mfupa, anza kupima baada ya saa moja. Kikisoma 70 toa. Nyama nene inaendelea kuiva yenyewe nje ya oveni, itapanda mpaka 74 ikiwa imetulia. Acha sindano ndani uone kwa macho yako. Isipofika, irudishe dakika chache. Kikiwa cheupe juu na ukapasua ukaona maji mekundu karibu na mfupa, hiyo si alama ya kutegemea, rangi ya maji hudanganya pande zote mbili.

Usifungue oveni kila dakika kumi kumwagia mafuta. Mafuta yanapita juu ya ngozi na kurudi kwenye trei, hayaingii kwenye mnofu, na kila ukifungua joto lote linatoka na muda unarefuka. Usifanye hata mara moja.

Kikishatoka kiache dakika 25 hadi 30, umekifunika foili kwa mbali. Watoto watasumbua. Waache wasumbue, maana ukikata mapema maji yote uliyoyalinda siku tatu yanabaki kwenye ubao. Halafu ukate hivi: pitisha kisu pembeni ya mfupa wa katikati, utoe upande mzima wa kidari ukiwa na ngozi yake, uulaze ubaoni, ukate vipande vya unene wa sentimita moja kukingama na nyuzinyuzi. Ukikata kufuata mfupa kama wanavyofanya kwenye sinema, kila mgeni anapata nyuzi ndefu za kutafuna na anafikiri nyama ni kavu hata kama haikuwa.

Umeme. Tarehe 24 hakikisha kwenye LUKU kuna uniti za kutosha, na uwe na mkaa ndani hata kama hutauhitaji. Ukikatika kidari kikiwa nusu njia, usifungue mlango wa oveni, washa jiko. Sufuria kubwa zito, mawe matatu safi ndani yake, trei juu ya mawe, mfuniko, makaa kidogo chini na mengi juu ya mfuniko, vile vile tunavyooka keki. Kipimajoto hakijali umeme, namba ni ile ile 70.

Sasa shemeji na picha yake. Chukua rula, pima urefu wa ndani wa oveni yako kutoka trei mpaka kwenye waya wa juu. Dume wa kilo 5 aliyelala chali anahitaji si chini ya sentimita 25 na nafasi ya hewa juu. Sidhani kama utazipata. Hata ungezipata, utarudi kwenye tatizo la mwaka jana, mapaja yanaweza kutaka mpaka saa mbili na nusu na kidari kinataka muda mfupi zaidi. Anayemtaka mzima na oveni kubwa anayo, achukue bata mdogo wa miezi mitano sita, akate uti wa mgongo kwa mkasi, amkandamize alale bapa, nyuzijoto 220, saa moja na nusu hivi kwa kilo 5. Kwa kulala hivyo mapaja yanapata moto mkali kuliko kidari na vyote vinawahiana. Wako mkusanye kwenye sinia: pilau chini, kidari katikati kikiwa bado na umbo lake, mapaja pande mbili yakielekea mbele, kachumbari na ndimu zizibe maungio. Shemeji apige picha yake kwanza, kisha urudi jikoni ukate. Kwenye simu hakuna atakayejua.

Na usimjaze wali wala mkate tumboni, hata huyo wa oveni kubwa. Kijazo kinanyonya maji mabichi ya nyama, na mpaka chenyewe kifike 74 kidari kimeshapita mbali.

Kitakachobaki kisikae mezani mpaka jioni watu wakiangalia mpira. Kwa kawaida ni saa mbili nje ya friji. Siku ikipita nyuzijoto 32, na ya kwetu mara nyingine hupita, ni saa moja. Chambua nyama kutoka kwenye mifupa, weka kwenye vyombo vifupi ipoe upesi, friji, na iishe ndani ya siku tatu au nne. Wageni wa mbali, wale wa Mbagala au Bunju, wafungie mapaja ya mchuzi na uwaambie wayachemshe tena kabla ya kula. Kidari baki nacho wewe, kinatosha mikate ya tarehe 26 asubuhi, na mifupa yake iingie kwenye supu ya chapati.